Kuuza Vyombo vya Ndani Visivyohitajika: Mwongozo kwa Wakazi wa Mafia

Katika nyumba nyingi za Kilindoni, Kirongwe, Baleni, Utende na vijiji vingine vya Wilaya ya Mafia kuna vyombo vilivyokaa bila kazi: kitanda cha kijana aliyekwisha kuoa na kuhama, kabati lililobaki baada ya familia kupungua, cherehani kisichoguswa kwa miaka, baiskeli iliyoegemezwa ukutani mpaka ikashika kutu. Vyombo hivyo ni akiba iliyolala. Vikiuzwa vizuri, huweza kulipia sare za shule, nauli ya mgonjwa kwenda bara au mabati ya kuezekea chumba. Vikiuzwa vibaya, mwenyewe hupoteza chombo pamoja na thamani yake, na wakati mwingine hujikuta mbele ya polisi au mahakama kwa jambo ambalo hakulitarajia.

Makala haya yanamweleza msomaji namna ya kupanga bei, mambo ya kuhakikisha kabla ya kuuza, vitu ambavyo sheria inavizuia, namna ya kupokea malipo, na mahali pa kwenda mgogoro unapotokea.

Bei ya kisiwani hupangwa na bahari

Kosa la kwanza la wauzaji wengi ni kuiga bei ya Dar es Salaam. Mtu husikia kuwa kabati kuukuu huuzwa kwa bei fulani Mbagala au Buguruni, naye akalitoa lake kwa bei hiyohiyo. Anasahau kuwa kabati lake limekwisha kuvuka bahari, na kwamba gharama ya kulivusha ni sehemu ya thamani yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kabati jipya linauzwa Dar es Salaam kwa shilingi 300,000. Gari la kulifikisha Nyamisati, wapagazi wa pande zote mbili, chombo cha kuvukia hadi Kilindoni na usafiri wa kutoka bandarini hadi nyumbani, tuseme vinagharimu jumla ya shilingi 80,000. Mkazi wa Mafia atakayelitaka kabati jipya atatumia shilingi 380,000. Kwa hiyo kabati lililotumika, lililo katika hali nzuri, likikadiriwa kwa nusu ya thamani, lifanyiwe hesabu kutoka katika 380,000, nalo lifikie shilingi 190,000. Mwenye kabati hilohilo akiamua kulipeleka Dar es Salaam na kuliuza huko kwa nusu ya 300,000, atapata 150,000. Akiondoa 80,000 za usafiri, zitamsalia 70,000 tu. Tofauti ya shilingi 120,000 imemezwa na njia.

Kiasi halisi cha usafiri hubadilika, lakini kanuni haibadiliki. Chombo kikubwa na kizito, kama vile kitanda, kabati, meza, jokofu, friza au seti ya makochi, kina thamani kubwa zaidi kikiuzwa kisiwani. Kitu kidogo kinachoingia mfukoni, kama simu, hakipati faida hiyo, kwa kuwa mnunuzi anaweza kuagiza kingine kutoka Kariakoo kwa gharama ndogo sana.

Yapo mambo mawili yanayoizuia bei isipande kupita kiasi. La kwanza ni bei ya chombo kipya kikishafikishwa Mafia. Hakuna mwenye busara atakayelipa zaidi ya hapo. La pili ni fundi seremala wa karibu. Ikiwa fundi anaweza kuchonga kitanda kipya kwa shilingi 250,000, kitanda kuukuu cha 240,000 hakitapata mteja. Kabla ya kutaja bei, muuzaji aulize bei hizo mbili.

Wakati nao una bei yake. Walimu, wauguzi na watumishi wengine wanaopangiwa kazi Mafia huja na mabegi, kisha hutafuta kitanda, godoro, meza na jiko katika wiki za mwanzo. Wanaohamishwa huuza vyombo kwa haraka kabla ya kuondoka. Kuelekea harusi na sikukuu za Idi, familia hutengeneza vyumba na kubadilisha vyombo. Kusi inapovuma na bahari ikachafuka, kuvusha mizigo mikubwa huwa kazi ngumu, na chombo kilichopo tayari kijijini huwa na mvuto zaidi. Anayeweza kusubiri wiki mbili au tatu asikubali bei ya siku ya kwanza. Mtumishi anayejua kuwa atahama aanze kutangaza mapema. Anayeuza siku moja kabla ya safari huuza kwa bei ya mnunuzi.

Kabla ya kuuza: chombo ni cha nani?

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, anayeuza kitu huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba anayo haki ya kukiuza, hata kama hakutamka neno hilo. Ikidhihirika kuwa hakuwa na haki, mwenye mali anaweza kudai mali yake kutoka kwa aliyeinunua, naye mnunuzi akamdai muuzaji fedha zake. Yafaa basi kujiuliza swali hili kwa makini katika hali nne zifuatazo.

Mali ya mke na mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimfanyi mume kuwa mmiliki wa mali ya mkewe, wala mke kuwa mmiliki wa mali ya mumewe. Vyombo alivyokuja navyo mke, au alivyopewa na wazazi wake, ni vyake. Kitu alichopewa mmoja na mwenzake kama zawadi huchukuliwa kuwa ni mali ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vile walivyonunua pamoja viuzwe kwa makubaliano ya wote wawili. Mnunuzi mwangalifu akiuziwa kitanda au jiko na mmoja wao, aulize kama mwenzake anajua.

Mali ya marehemu. Baada ya msiba, ndugu huweza kuanza kugawana na kuuza vyombo kabla ya arobaini. Mali hizo ni za warithi wote. Anayestahili kuziuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ndugu anayeuza jokofu la marehemu kwa nia njema ya kulipia gharama za hitima anaweza kudaiwa na warithi wenzake.

Mali yenye deni. Mitambo ya umeme wa jua, televisheni na simu zinazolipiwa kwa awamu aghalabu hubaki chini ya masharti ya kampuni mpaka awamu ya mwisho ilipwe. Nyingi huweza kuzimwa na kampuni kutoka mbali. Vyombo vilivyowekwa dhamana katika kikundi cha kuweka na kukopa navyo visiuzwe bila ridhaa ya kikundi. Muuzaji amalize deni kwanza na ashike risiti ya mwisho.

Mali inayoletwa na mtoto. Mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba wa kuuza. Mtoto akileta sufuria, betri au vipande vya injini ya mashua, asinunuliwe. Aitwe mzazi wake. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, kuwa imeibwa ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu.

Chombo kinachokulisha

Uhitaji wa haraka humfanya mtu auze kitu cha kwanza kinachopata mteja, na mara nyingi kitu hicho ndicho chenye faida zaidi nyumbani. Cherehani kinachomwingizia mwenyewe shilingi 5,000 kwa siku, kikiuzwa kwa shilingi 150,000, kimeuzwa kwa mapato ya siku 30 za kazi. Siku ya 31 fedha zimekwisha, na mapato nayo yamekoma. Hali ni hiyohiyo kwa friza la kuuzia barafu na samaki, baiskeli ya kuchukulia nazi, nyavu na mashine ya kukunia nazi.

Kabla ya kuuza chombo cha aina hiyo, mwenyewe aandike mambo mawili: kinaingiza kiasi gani kwa mwezi, na kitauzwa kwa kiasi gani. Bei ikiwa ni sawa na mapato ya miezi michache tu, ni heri atafute njia nyingine: auze kilicholala, akope katika kikundi chake, au akikodishe chombo hicho kwa makubaliano ya maandishi.

Vitu ambavyo sheria inavilinda

Mafia ni kisiwa cha kale, na baadhi ya vitu vilivyomo majumbani ni sehemu ya historia ya nchi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Vigae, shanga, sarafu na vyungu vinavyookotwa katika magofu ya Kua huko Juani, au Kisimani Mafia, vimo katika kundi hilo. Visiokotwe wala kuuzwa. Sheria hiyo inataja pia milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Mwenye nyumba ya zamani, awe Chole, Kilindoni au kwingineko, anayefuatwa na mgeni mwenye fedha taslimu akitaka kung'oa mlango, asikubali bei kabla ya kuuliza Idara ya Mambo ya Kale kama kibali kinahitajika. Kuvipeleka vitu vya kale nje ya nchi bila kibali ni kosa, na mgeni akikamatwa uwanja wa ndege ataulizwa alivinunua kwa nani.

Kasa wanalindwa. Gamba la kasa lililotundikwa ukutani tangu enzi za babu haligeuki kuwa bidhaa halali kwa sababu ya umri wake. Katika kisiwa chenye Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, jambo hili husimamiwa kwa ukaribu.

Nguo za ndani zilizotumika zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania kwa sababu za afya. Nguo nyingine zilizotumika, mashuka na mapazia vinaweza kuuzwa, ila vifuliwe na kuanikwa juani kwanza. Godoro lenye kunguni lisiuzwe. Mnunuzi atabeba wadudu hao hadi chumbani mwake.

Kusema kweli kuhusu hali ya chombo

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafia si pakubwa; aliyenunua friji bovu leo atakutana na aliyemuuzia kesho, gulioni au msikitini. Heshima ya muuzaji ndiyo tangazo lake.

Sheria nayo ina neno. Mtu binafsi anayeuza chombo chake cha nyumbani kwa kawaida hawajibiki kwa kila ubovu, na mnunuzi anatakiwa kukagua kwa macho yake. Lakini mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kutenguliwa na aliyedanganywa. Muuzaji akiulizwa kama jokofu limewahi kufunguliwa na fundi, naye akakana huku akijua kuwa limewahi kufunguliwa, amejiweka katika hatari ya kurudisha fedha.

Hewa ya bahari hula chuma. Mnunuzi atazame nyuma na chini ya jokofu, miguu ya kitanda cha chuma, bawaba na skrubu, mahali ambapo kutu huanzia. Vyombo vya mbao vigongwe kwa kidole na kukaguliwa kwa unga wa mchwa na dumuzi. Chombo cha umeme kiwashwe mbele ya mnunuzi. Jokofu liachwe likifanya kazi kwa muda wa kutosha hadi baridi ionekane. Na likisafirishwa limelazwa, lisimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Simu ihitaji uangalifu wa pekee. Muuzaji atoe laini na kadi ya kumbukumbu, afute picha, ujumbe na akaunti zote, kisha airudishe simu katika hali ya kiwandani. Laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyake isitolewe pamoja na simu kwa hali yoyote, kwa kuwa kosa litakalofanywa kwa laini hiyo litamwangukia yeye. Mnunuzi abonyeze *#06# ili aone namba ya utambulisho wa simu, kisha aitume namba hiyo kwenda 15090 ili athibitishe kama simu ni halisi. Tangu Juni 2016 simu bandia zimezimwa katika mitandao ya Tanzania, na anayenunua bila kuhakiki anaweza kubaki na kasha tupu. Mtu aombe pia risiti ya awali au boksi la simu lenye namba inayofanana.

Mahali pa kuuzia

Jirani ndiye soko la kwanza. Taarifa ikitolewa dukani, kwenye kikundi cha akina mama, katika ofisi za shule na zahanati, na katika makundi ya simu ya kijiji, mara nyingi humpata mteja bila gharama. Tangazo zuri hutaja aina ya chombo, vipimo vyake, umri wake, kasoro zake, bei na kijiji kilipo. Picha ipigwe mchana, na ionyeshe kasoro pia. Mtu atakayefunga safari kutoka Bweni hadi Kilindoni kwa sababu ya picha ya uongo hatanunua, na atawaambia wengine.

Akitumiwa dalali, makubaliano yafanywe kabla: malipo yake ni kiasi gani, yanatoka kwa nani, na bei ya chini kabisa ni ipi. Dalali asiyetaka bei yake ijulikane kwa pande zote mbili aachwe.

Vyombo vilivyokufa kabisa, kama sufuria zilizotoboka, mabati na vyuma, hununuliwa kwa kilo. Hapa muuzaji atazame mizani. Mizani inayotumika katika biashara yapasa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na iwe na alama ya uhakiki. Kama nyumbani ipo mizani ndogo, mzigo upimwe kwanza ili mwenyewe ajue uzito wake. Betri za asidi zisipasuliwe ili kutoa risasi. Asidi huunguza ngozi na risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Anayeuza vyombo vyake mwenyewe mara moja moja hafanyi biashara. Lakini anayenunua vyombo vya watu ili aviuze kwa faida ameingia katika biashara, na aende ofisi ya biashara ya Halmashauri akaulize kuhusu leseni, na Mamlaka ya Mapato kuhusu kodi.

Kupokea malipo

Fedha taslimu zihesabiwe mbele ya shahidi kabla chombo hakijatoka mlangoni. Malipo ya simu yana hila zake. Tapeli hutuma ujumbe wa maandishi uliotengenezwa ufanane na ujumbe wa kampuni ya simu, akasema ametuma fedha, kisha akahimiza mzigo upakiwe kwa kuwa chombo kinang'oa nanga. Muuzaji asitegemee ujumbe. Afungue huduma yake ya fedha na aangalie salio kwa mkono wake. Mwingine husema amezidisha kiasi kwa makosa na kuomba kilichozidi kirudishwe haraka. Asirudishiwe kwa mkono. Aelekezwe kwa kampuni yake ya simu. Namba ya siri asiambiwe mtu yeyote. Namba za matapeli ziripotiwe kwenda 15040.

Mnunuzi naye asitume fedha kwa chombo asichokiona. Mtu aliye bara anayetangaza jokofu la bei poa na kutaka alipwe kwanza "ili alipeleke Nyamisati" asiaminiwe mpaka mtu wa kuaminika afike na kulikagua.

Mauzo ya kulipa kidogo kidogo yaandikwe tarehe zake. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mfano wa hati ya mauzo

Karatasi moja ya daftari, ikiandikwa vizuri katika nakala mbili, inatosha. Maneno yafuatayo yanaweza kufuatwa:

"Mimi ...................., mkazi wa kijiji cha ...................., leo tarehe .................... nimemuuzia .................... wa .................... kabati moja la mbao lenye milango miwili, ambalo bawaba yake moja imevunjika, kwa bei ya shilingi .................... (kwa maneno ....................). Nimepokea shilingi ....................; kiasi kilichobaki, shilingi ...................., kitalipwa ifikapo tarehe ..................... Kabati hili ni mali yangu halali na halina deni. Mnunuzi amelikagua na ameridhika. Sahihi ya muuzaji, sahihi ya mnunuzi, sahihi za mashahidi wawili."

Kwa simu, televisheni, pikipiki au mashine, namba ya utambulisho ya chombo iandikwe pia. Hati hii humlinda mnunuzi akiulizwa chombo kimetoka wapi, na humlinda muuzaji akidaiwa jambo ambalo hakuliahidi. Umiliki wa pikipiki ubadilishwe pia katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato. Bila hivyo, faini na ajali za mmiliki mpya huweza kumfuata wa zamani.

Mgogoro ukitokea

Hatua ya kwanza ni mazungumzo, kwa hati mkononi na mashahidi wakiwapo. Wakishindwa, mwenyekiti wa kijiji au mtendaji anaweza kuwasuluhisha. Dai la fedha au la kurudishiwa chombo hupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mtu anaweza kujieleza mwenyewe. Wizi na utapeli huripotiwa polisi mara moja, kabla fedha na mtu havijavuka bahari. Ikiwa aliyeuza ni mfanyabiashara, na ametoa maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, malalamiko yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, inayosimamia ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Kwa ufupi, kabla chombo hakijatoka nyumbani muuzaji awe na majibu ya maswali matano: Ni changu peke yangu? Sheria inaruhusu kiuzwe? Bei yangu imehesabu gharama ya kuvuka bahari? Nimeitaja kasoro yake? Nimeshika fedha na hati? Mwenye majibu hayo na auze kwa amani. Na lililokosa jibu lishughulikiwe kwanza, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni.